Aliyemuunda Kapteni Selka

Wazee wa Shuaib walipopiga hodi kuja kumposa Idman, Idman mwenyewe alikuwa na mguu mdomoni.

Mguu wa plastiki, usishtuke. Mguu mdogo wa kushoto, ulionyofolewa kwa mwanasesere wa Kizungu aliyekuja ndani ya gunia la mitumba kutoka Mombasa. Aliubana kwa meno kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Wa kulia ulishika kwa koleo msumari uliokaa kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, na wa kushoto ulishika kiwiliwili cha Kapteni Selka kilichokuwa kikisubiri kutobolewa nyonga.

"Idman!" Mama yake, Bi Mulki, alinong'ona kwa ukali akiwa amelishika pazia. "Wageni wameshaingia. Naa, wewe, unafanya nini humu?"

"Mmh," alijibu Idman, kwa maana mwenye mguu mdomoni hana jibu refu zaidi ya hilo.

"Na hiyo harufu ni ya nini?"

Idman akautema mguu mapajani. "Nachoma ubani, hooyo."

"Ubani!" Bi Mulki alimtazama bintiye kuanzia utosini hadi kwenye vidole, akalitazama jiko. "Haya. Choma ubani wako. Lakini nikikuita, nikukute umenawa."

Pazia likarudi mahali pake. Idman akabaki peke yake katika kile chumba kidogo cha kuwekea magunia ya sukari, moyo ukimwenda mbio. Upande wa pili wa pazia ndiyo sebule yenyewe, na kila kikohozi cha wazee kilimfikia kama vile wamekohoa sikioni mwake. Leo! Leo ndiyo leo! Msichana mwingine angekuwa anajitazama kwenye kioo. Idman alikuwa hawezi. Furaha ikimzidi lazima vidole vyake vipate kitu cha kushika, la sivyo angepiga kelele na kuaibisha ukoo mzima.

Mwaka huo watoto wa Garissa walikuwa wamepagawa na mchezo wa televisheni ulioitwa Kikosi cha Sayari. Kila Jumamosi alasiri, televisheni ya Mzee Abdille, baba yake Idman, iliyonunuliwa kwa ajili ya taarifa ya habari na kuendeshwa kwa betri ya lori, ilizungukwa na watoto wa mtaa mzima, na mmoja wao alilazimika kusimama nje akizungusha mlingoti wa antena huku wenzake wakimpigia kelele. Idman alikuwa amemaliza kidato cha nne, mtu mzima kabisa. Alijifanya anapeleka chai tu. Lakini Kapteni Selka, yule rubani mwanamke mwenye mkono wa chuma na mbawa mgongoni, alipotokea kwenye kioo, birika lilikuwa linapoa mkononi mwake naye hana habari.

Vijitu vya mchezo huo havikuuzwa Garissa, wala hakuna aliyewahi kuviona vikiuzwa mahali pengine. Basi Idman akaamua kumuunda Selka wake mwenyewe. Na ndipo alipoingia Soko Mugdi na redio ya baba yake kwapani, akasimama mbele ya kibanda cha fundi redio mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kope ndefu ambazo mwanamume hakustahili kupewa.

"Redio ina shida gani, dada?" aliuliza fundi, ambaye ndiye Shuaib.

"Haina shida."

"Sasa umeileta ya nini?"

"Nataka mikono."

Shuaib aliweka chini chuma chake cha kulehemu. "Mikono ya nani?"

"Ya yeyote, bora ilingane. Naona una gunia la wanasesere waliovunjika hapo nyuma. Na kama una antena mbovu, nipe. Na zile taa nyekundu ndogo za redio."

Hakucheka. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, jamani! Angecheka, Idman angemsahau kabla ya adhana ya Maghrib. Lakini Shuaib alilivuta lile gunia, akalimwaga lote juu ya meza, akainama naye kutafuta, na vichwa vyao vikakaribiana juu ya lundo la miguu na mikono. "Unataka Selka au Dokta Nyoka?" akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la maana sana. Idman akainua macho. Yule kijana alikuwa anautazama mchezo ule ule, Jumamosi zile zile, kwenye hoteli ya mtaa wa pili!

Tangu siku hiyo redio ya Mzee Abdille iliugua kila wiki. Idman alipeleka vijitu vilivyokamilika vimefichwa ndani ya redio, akarudi na viungo. Shuaib alivipanga mbele ya kibanda kuviuza, watoto wakavigombania. Ukimuuliza nani kaviunda, alikuwa na jibu moja tu: "Fundi."

"Ukiitoa siri yangu," Idman alimwambia siku moja, "aabo atanifungia ndani mpaka nizeeke. Binti wa Abdille anauza masanamu sokoni! Unaielewa hiyo aibu?"

"Siri yako ni amana kwangu," alisema Shuaib, na macho yake hayakutoka usoni mwake mpaka Idman akajifanya anahesabu skrubu.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Shuaib alimrudishia redio bila kuiachia. Wote wawili wakabaki wameishika, mmoja huku, mwingine kule.

"Idman, mimi nimechoka."

"Umechoka na nini?"

"Kukuona kidogo kidogo, huku nikitengeneza redio ambayo ni nzima. Nikimtuma mjomba wangu, abti Jelle, kwa baba yako Ijumaa, baada ya Alasiri, utanikasirikia?"

Idman alitaka kujibu kwa maneno ya heshima. Kilichomtoka ni, "Mbona Ijumaa? Hakuna siku ya karibu?" Akakimbia na redio yake akiwa amejifunika uso mzima kwa mtandio.

Sasa Ijumaa yenyewe ndiyo hii. Idman akaacha msumari kwenye makaa, akasogea kwenye pazia, akaweka jicho kwenye tundu lililoliwa na nondo.

Baba yake alikuwa ameketi mkekani na ndevu zake zenye hina. Pembeni yake alikuwa adeer Aden, mdogo wa baba, aliyefika kutoka Liboi siku chache zilizopita na uso wa mtu mwenye jambo lake. Mbele yao alikuwa mjomba wa Shuaib, Mzee Jelle, na wenzake wawili. Sasa huyu Jelle alikuwa dalali wa ngamia, na ulimi wa dalali haujui kupumzika.

"Abdille, ndugu yangu," alikuwa akisema, "kijana ninayekuletea habari zake leo hana kasoro. Hana! Mzunguke pande zote, mtazame meno, mtazame miguu. Haumwi. Hapigi mateke. Swala tano. Kazi yake umeisikia mwenyewe, redio yako haijazima hata siku moja."

"Imekuwa ikienda kwake mara nyingi," alisema Mzee Abdille.

"Kwa sababu anaitunza! Na redio ni mchezo tu kwake. Mikono ya Shuaib, wallahi, hakuna isichokiweza. Nimekuja na ushahidi." Jelle akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, na Idman, nyuma ya pazia, akalikamata pazia kwa mikono miwili. "Nimepita kibandani kwake asubuhi, nikakichukua bila yeye kujua, nikasema hiki kitaongea kuliko mimi."

Akafungua leso. Akamsimamisha Kapteni Selka katikati ya mkeka, kando ya birika la chai, akabonyeza kifuani. Taa nyekundu ikawaka.

Ya Rabbi, alikuwa mzuri! Idman alishindwa kujizuia. Kwa nukta moja alisahau hatari yote akaona fahari tu: mkono wa antena unaong'aa, mbawa za bati zilizokunjwa vizuri, goti linalopinda na kurudi. Yule ndiye Selka bora kuliko wote aliowahi kuwaunda.

"Astaghfirullah!" Adeer Aden aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Jelle! Umeleta sanamu ndani ya nyumba ya ndugu yangu?"

"Si sanamu, ni ki..."

"Lina kichwa! Lina macho! Mwanamke, tena kichwa wazi, tena lina mbawa! Kaunda nani takataka hii?"

"Shuaib," alisema Jelle, sauti ikipungua. "Kwa mikono yake mwenyewe, wallahi."

Masikini Jelle, aliapia asichokijua. Mzee Abdille alikuwa akikitazama kile kijitu kwa namna ambayo Idman aliifahamu, namna anayomtazama ng'ombe anayeshukiwa ugonjwa.

"Mwiteni kijana mwenyewe," alisema mwishowe. "Mtu hahukumiwi hayupo."

Wala hakuitwa mbali. Alikuwa nje ya ua, anajifanya anakagua pancha ya baiskeli isiyo na pancha. Aliingia akiwa amevaa kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani bado, akatoa salamu, akaketi karibu na mlango. Kisha akamwona Selka mkekani.

"Hiki kimetoka kwako?" Mzee Abdille aliuliza.

"Kimetoka kibandani kwangu, mzee wangu."

"Umekiunda wewe?"

Neno moja tu. Hapana. Lilikuwa linamtosha. Lakini baada ya hapana lazima aulizwe nani, na Idman alimjua Shuaib, uongo humkaba kama mwiba wa samaki.

"Swali hilo naomba unisamehe, mzee wangu."

"Mnaona?" Adeer Aden alipiga paja. "Hata kukana anashindwa!"

Mzee Abdille aliinua mkono, nduguye akanyamaza. "Mimi si mtu wa kuvunja nyumba kwa kosa moja. Nitakurahisishia, kijana. Ya nyuma sitayauliza. Apa mbele ya wazee hawa kwamba hutaunda tena vitu hivi, na vilivyomo kibandani mwako vitiwe moto leo hii. Ukikubali, tunaendelea na chai yetu."

Apa! Idman alimpigia kelele moyoni. Apa, wewe mjinga, kiapo hicho hakikugharimu chochote! Vichome! Nitaunda vingine, nitaunda mia!

"Kuapa kwamba sitaunda, naapa sasa hivi," alisema Shuaib, na Jelle akashusha pumzi iliyosikika mpaka barabarani. "Lakini kuvichoma, mzee wangu, siwezi."

"Huwezi?"

"Siwezi. Aliyeviunda ameweka moyo wake mle. Nikivitia moto leo ili nipate mke, huyo mke nitamtazama na macho gani?"

Wazee wakatazamana. Nyuma ya pazia, Idman alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake na machozi yanamteremka yenyewe. Alikuwa akimpenda Shuaib tangu siku ya gunia, hilo alilijua. Lakini sasa alimpenda mpaka kifua kikamuuma, alimpenda kwa hasira, akatamani amkumbatie na ampige kofi kwa pamoja. Mwanamume gani anakataa mke kwa ajili ya vijitu vya plastiki? Wa kwake ndiye huyo, na ndiye anayempoteza hivi hivi anamwona.

"Basi chai imekwisha," alisema Mzee Abdille.

Shuaib aliinamisha kichwa. Jelle alianza kuifunga leso yake tupu polepole, kama mtu anayefunga sanda. Na hapo adeer Aden akaona nafasi aliyokuwa akiiwinda tangu atoke Liboi.

"Msiondoke, wazee. Maadamu mmekwishakaa, kuweni mashahidi. Kaka, nilikuambia habari za Mohamedamin, mtoto wa rafiki yangu. Kijana wa dini, ana duka lake pale mpakani, tena ana gari. Tumalize leo. Mulki! Muulize msichana. Kama hataki, aseme. Akinyamaza, tumeshajua."

Msomaji, usilione hili ni jambo dogo. Msichana wa watu hashindani na wazee. Huulizwa kupitia pazia, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake, maana haya inamzuia kutamka ndiyo. Wangapi wamefungishwa ndoa kwa kimya hicho! Waliofurahi walinyamaza, na waliokuwa wakilia walinyamaza pia, na huku sebuleni watu hawakuona tofauti.

Pazia likafunguka kidogo. Bi Mulki akasimama hapo, mgongo wake kwa wanaume.

"Idman, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Adeer wako anakuuliza kuhusu Mohamedamin wa Liboi. Unasemaje?"

Halafu akasogeza midomo bila sauti, macho yakiwa makali kama wembe: Sema. Leo usininyamazie.

Idman alifungua kinywa. Sebuleni mtu alikohoa, na adeer Aden akaanza, "Alhamduli..."

"Sitaki!"

Ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mbuzi uani akashtuka akalia. Na kwa kuwa mlango ulishavunjika, Idman aliona hakuna maana ya kubisha hodi. Akajitanda mtandio vizuri, akampita mama yake, akasimama mbele ya wanaume na gundi imemkauka vidoleni.

"Sitaki Mohamedamin, adeer, Mungu ampe mwingine aliye bora. Na hivyo vijitu ni vyangu. Vyote. Shuaib hajaunda hata kimoja."

"Rudi ndani!" adeer Aden alifoka.

"Nitarudi, adeer. Nikimaliza."

"Anamkinga tu! Msichana ataundaje kitu hiki?"

"Aden," alisema Mzee Abdille taratibu, "ngoja." Alimgeukia bintiye. Uso wake haukusomeka. "Wewe ndiye uliyeunda?"

"Ndiyo, aabo."

"Kwa kitu gani?"

Idman alipiga magoti ukingoni mwa mkeka, akamchukua Selka. Akaukamata mkono wa chuma, akauzungusha, akauchomoa.

"Hii ni antena ya redio yako, aabo. Ile niliyokuambia imevunjwa na paka."

"Nilijiuliza huyo paka ana nguvu gani," alisema Mzee Abdille.

Jelle alicheka, akaona anacheka peke yake, akajikohoza.

"Kifua ni swichi ya tochi, ndiyo maana ukibonyeza anawaka. Mbawa ni kopo la maziwa ya unga, nimelikata kwa mkasi wa hooyo." Sasa maneno yalikuwa yakimtoka yakifukuzana, na mashavu yamemwiva kwa raha. "Kichwa ni cha mwanasesere mwingine, miguu ya mwingine, haikulingana, nikaupunguza mmoja kwa msumari wa moto. Lakini kazi iko hapa, aabo, tazama! Watu hudhani ni gundi. Gundi ingemfanya asimame tu kama gogo. Mimi nimepitisha mpira wa tyubu ya baiskeli ndani kwa ndani, kutoka nyonga hii mpaka ile, nikaufunga fundo. Ukimvuta mguu, unarudi wenyewe. Vuta! Vuta uone!"

Alikuwa amemwekea baba yake kile kijitu kiganjani kabla hajakumbuka yeye ni nani na yuko wapi. Mzee Abdille akauvuta mguu kwa vidole vyake vinene. Akauachia. Mguu ukarudi. Akauvuta tena.

"Na mimi nimeapa!" Jelle alijishika kichwa. "Nimeapa wallahi kwamba kaunda Shuaib! Sasa nitafunga siku tatu za kafara kwa ajili ya mtoto huyu, na joto hili!"

"Awe kaunda msichana au mvulana," alisema adeer Aden, "sanamu ni sanamu. Dini haiangalii nani."

"Shemeji." Bi Mulki alisema akiwa bado pale pale penye pazia. Hakupaza sauti. "Bibi Aisha hakuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume? Na kati yao hakuwako farasi wa mbawa mbili za kitambaa? Mtume, rehema na amani zimshukie, alipouliza farasi gani huyu mwenye mbawa, akajibiwa kuwa wa Nabii Suleiman walikuwa nazo. Alichoma? Alicheka mpaka magego yakaonekana. Vitu hivi vinachezewa na watoto. Hakuna anayeviabudu humu."

"Wanachuoni wametofautiana," alinung'unika Aden.

"Basi tuwaachie wao watofautiane," alisema Bi Mulki. "Na wewe Idman, ubani wako nimeuvumilia miezi yote hii. Ulidhani mama yako hana pua?"

Mzee Abdille alikuwa bado anautazama mguu. Kisha akamtazama binti yake, aliyepiga magoti na vidole vyake vichafu, macho yanawaka. Miaka mingapi ilikuwa imepita bila kumsikia Idman akiongea hivyo, bila kuvuta pumzi? Alikuwa akiongea hivyo akiwa mdogo, akimkimbilia mlangoni kumweleza habari za mbuzi. Halafu akakua, akaanza kuleta chai na kuondoka.

"Huyu mwanamke," alisema, akimgeuza Selka, "mbona kichwa wazi?"

"Kwenye televisheni yuko hivyo, aabo."

"Kwenye televisheni ni kwao. Akitoka kwangu atoke amejifunika. Mtafutie kitambaa."

Idman hakuamini masikio yake. Alimtazama Shuaib kwa mara ya kwanza tangu atoke nyuma ya pazia, na Shuaib alikuwa akimtazama yeye, na zile kope zake ndefu zilikuwa zimelowa.

"Na wewe," Mzee Abdille alimwambia kijana. "Ulijua ni yeye."

"Nilijua, mzee wangu."

"Neno moja lingekuokoa."

"Lingeniokoa kwako, mzee wangu. Lakini alikuwa amenipa amana. Ningeila mbele ya wazee, halafu nimwombe aniamini maisha yake yote?"

Mzee Abdille alimweka Selka chini kando ya birika, kwa uangalifu, akimsimamisha sawasawa. "Nimeuza mifugo tangu nikiwa sina ndevu," alisema. "Wanaofungua mdomo kwa faida yao nimewachoka. Mulki, chai haijakwisha. Lete nyingine, utie na iliki."

Adeer Aden alitaka kusema, akamwona kaka yake usoni, akachukua tende.

"Idman," alisema baba yake.

"Naam, aabo."

"Haya, umetusimamia hapa, umetupigia kelele, umetufundisha ufundi. Ulimi unao, tumeuona. Sasa mimi baba yako nakuuliza mbele ya mashahidi. Huyu Shuaib aliyekaa mlangoni. Unasemaje?"

Idman alikuwa na maneno! Wallahi alikuwa nayo, yalikuwa yamejazana kifuani tangu siku ya gunia. Alifungua kinywa. Akamwona Shuaib amekaza mikono magotini, hapumui. Akafunga kinywa. Joto likampanda shingoni mpaka masikioni, na yule msichana aliyewashinda wazee kwa kelele akaivuta ncha ya mtandio, akaficha nusu ya uso, akakodolea macho maua ya mkeka.

"Kwani sasa ulimi umepotelea wapi?" aliuliza adeer Aden.

"Nyamaza wewe!" Jelle alinyanyua mikono yote miwili, sauti ikimkatika kwa furaha. "Nyamazeni nyote, tumsikie anavyonyamaza!"

Wakanyamaza. Wakamsikiliza. Kule mlangoni Shuaib alikuwa ameuficha uso katika viganja, na mabega yakimtikisika. Idman hakuthubutu kugeuka kuona kama ni kicheko au ni kilio. Alikaa vivyo hivyo na moyo unaruka, hakutamka hata herufi moja, mpaka alipomwona baba yake akikunja miguu vizuri, akainua viganja vyake na kuanza kusoma Fatiha.